Madeleine Vionnet na kukata hanamu: jinsi ya kuyasoma magauni yake

Likitundikwa kwenye hanga, gauni la Madeleine Vionnet halina la kujivunia. Linalegea kama shimizi iliyoloa, upande mmoja unateremka kuliko mwingine, na asiyelizoea anaweza kuligeuza mara tatu kabla hajajua kichwa kinapita wapi. Mvalishe mtu gauni hilohilo: linakaa begani, linapita kiunoni bila kubana, linashuka nyongani, kisha linafunguka magotini kwa mawimbi. Mara nyingi halina zipu wala kifungo.

Anayeanza kumsoma mbunifu huyu wa Paris hukwama hapo. Anatazama picha za miaka ya 1920 na 1930, anaona gauni la rangi moja, tena halina maua wala kola, halafu anaambiwa kwamba mafundi wakubwa wa mitindo wamelistaajabia kwa karibu karne nzima. Kinachomkwaza ni kwamba analitazama umbo. Magauni ya Vionnet yasomwe kwanza kwa uelekeo wa uzi, umbo lifuate baadaye. Ukishajua uzi umelala vipi katika kila kipande, mengi yanajieleza yenyewe: kwa nini hakuna zipu, kwa nini mshono umekatiza tumboni badala ya kukaa ubavuni, kwa nini pindo lina ncha.

Jaribio la kanga

Chukua kanga. Shika pindo la kushoto na la kulia, uvute. Haivutiki. Shika la juu na la chini, uvute: inavutika kidogo mno au haivutiki kabisa. Sasa shika pembe ya juu kushoto na pembe ya chini kulia. Kitambaa kinarefuka mbele ya macho yako, na papo hapo kinasinyaa upana. Ukiachia kinarudi, ingawa si chote.

Kitambaa cha kufumwa kina nyuzi za namna mbili. Mtande ni nyuzi za urefu, zinazokwenda sambamba na ukingo wa kiwandani. Mshindio ni nyuzi zinazokatiza upana, zikipita juu na chini ya mtande. Ukivuta kwa kufuata mtande au mshindio, unauvuta uzi wenyewe, na uzi haurefuki kirahisi. Ukivuta kwa mshazari, hakuna uzi unaolazimika kurefuka. Unachofanya ni kupindisha vijiraba vidogo vilivyo kati ya nyuzi. Fikiria fremu ya vijiti vinne iliyopigiliwa msumari mmoja mmoja pembeni. Ukiivuta pembe kwa pembe, mraba unageuka kuwa umbo la uru la kwenye karata, jembamba na refu. Kitambaa kina maelfu ya fremu hizo, na zote zinapinda pamoja.

Kukata hanamu, basi, ni kukilaza kipande cha gauni juu ya kitambaa ili mstari wa kutoka bega hadi mguu upite katikati ya mtande na mshindio, digrii 45 kamili. Gauni likivaliwa, uzito wake wenyewe unavigeuza viraba kuwa uru. Linarefuka na kusinyaa upana, lakini linasinyaa pale tu ambapo mwili haulizuii. Nyonga zinalizuia, likakaa. Kiuno hakilizuii, likaingia. Kazi ambayo fundi huifanya kwa dati, yaani kile kikunjo chenye ncha kinachoshonwa kifuani na kiunoni, inafanywa na kitambaa. Na kwa kuwa gauni linavutika, linapita kichwani na mabegani bila kuhitaji uwazi wa zipu.

Hanamu yenyewe haikuanza na Vionnet. Katika Ulaya ya enzi za kati soksi ndefu za kitambaa zilikatwa hanamu ili zishike mguu, na mafundi walikwishazoea kutumia vipande vya hanamu kwenye kola na kingo za nguo. Yeye alilikata hanamu gauni zima, akatumia miaka mingi kutafuta namna ya kulidhibiti.

Mikono iliyolelewa karakanani

Alizaliwa mwaka 1876 Chilleurs-aux-Bois, kusini ya Paris, akaingizwa kwenye ushonaji akiwa bado mtoto. Alipofika utu uzima alifanya kazi London kwa miaka kadhaa, kisha akarudi Paris kwenye nyumba ya mitindo ya dada wa Callot. Huko kazi yake ilikuwa kuyachukua mawazo aliyoyaviringisha Marie Gerber, mkubwa wa dada hao, moja kwa moja juu ya mwili, na kuyageuza kuwa vipande vinavyoshoneka. Ukitaka kujua kwa nini baadaye hakutegemea michoro ya karatasi, sababu iko hapo: alilelewa na watu waliofikiri kwa kitambaa. Nyumba ya Callot pia ilipenda mikono ya kimono, lile vazi la Kijapani, mikono ambayo haina mshono wa bega, na wazo la kulijenga vazi kwa vipande vya mraba na mstatili halikumtoka tena.

Kutoka hapo alikwenda kwa Jacques Doucet, mbunifu mwingine wa Paris, ambako aliwapitisha wanamitindo peku na bila koseti, lile vazi la ndani la vifupa lililokaza kiuno cha mwanamke wa Ulaya wakati huo. Mwaka 1912 alifungua nyumba yake katika mtaa wa Rivoli, akaifunga vita vilipoanza mwaka 1914, akaifungua tena vilipokwisha. Mwaka 1923 alihamia namba 50, avenue Montaigne. Katika kilele chake nyumba hiyo iliajiri watu wapatao 1,200, na walikuwa na zahanati, daktari wa meno, bwalo la chakula, likizo yenye malipo, na viti vyenye egemeo badala ya vigoda vilivyozoeleka kwenye karakana za Paris. Hili la viti lisipitwe haraka. Kitambaa cha hanamu hakivumilii mkono uliochoka: mshonaji akikivuta kidogo tu kwa sababu mgongo unamuuma, mshono unayumba. Vionnet alikuwa mshonaji kabla hajawa tajiri, na alilijua hilo mwilini.

Alifunga kabisa mwaka 1939, akaishi hadi 1975.

Mdoli wa mbao

Hakuanza kwa kuchora. Alikuwa na mdoli wa mbao wenye viungo, wa karibu nusu ya ukubwa wa mtu, akauzungushia kitambaa, akakibana kwa pini, akakata, mpaka gauni likapatikana. Ndipo vipande vilipofunguliwa, vikalazwa mezani na kukuzwa hadi ukubwa kamili.

Faida ya mdoli ni kwamba unaweza kuuzungusha kwa mkono mmoja na kuliona gauni lote kwa mara moja, mbele, mgongo na ubavu. Ukimzungukia mtu mzima unamwona kwa vipande, ndiyo maana mafundi wengi hubuni gauni la mbele na gauni la nyuma, kisha wakayaunganisha ubavuni. Vionnet alibuni mzunguko mzima. Kipande kinaweza kuanzia bega la kulia, kikapita kifuani, kikazunguka nyonga ya kushoto na kumalizikia mgongoni, na mshono wa ubavu usiwepo kabisa.

Mdoli una hasara zake, na anayeiga njia hii azijue mapema. Urefu ukipunguzwa nusu, eneo la kitambaa linapungua hadi robo, na uzito unaolivuta gauni chini unapungua nalo. Krepi (kitambaa cha nyuzi zilizosokotwa kwa nguvu) inayoanguka vizuri juu ya mtu mzima inasimama kama karatasi juu ya mdoli. Kwa hiyo tumia kitambaa chepesi zaidi kwenye mdoli, halafu ushone jaribio la ukubwa kamili kabla ya kugusa kitambaa cha bei. Mafundi wetu hujaribia kwa marekani, ile pamba isiyopaushwa, na kwa suti au gauni la kawaida inafaa sana. Kwa hanamu inadanganya: ni ngumu, inaning'inia vingine, na gauni lililokaa sawasawa kwenye marekani litakuwa refu na jembamba kwenye satini. Jaribia kwa kitambaa rahisi chenye uzito unaokaribiana na kile utakachokitumia.

Gauni la miraba minne

Kwa anayeanza, gauni la kulisoma kwanza ni lile la mwisho wa miaka ya 1910 lililojengwa kwa miraba minne ya krepi, linalojulikana kwa kufananishwa na leso za mkononi. Miwili iko mbele, miwili nyuma, na kila mraba unaning'inia kwa pembe moja kutoka begani. Hapo ndipo penye akili: ukiutundika mraba kwa pembe, ulalo wake unasimama wima, na ulalo wa mraba ndio hanamu kamili. Kingo za mraba, zinazofuata uzi, ndizo zinazokuwa mishono. Mwili unapata kitambaa kinachovutika, mshono unapata uzi usiovutika, na hakuna kilichopotea kwenye kukata. Pembe za chini zinaachwa zining'inie, na ndizo zile ncha za pindo.

Msomaji wa pwani atatabasamu kidogo. Leso yetu nayo inasimuliwa kuwa ilianza kwa leso ndogo za mraba zilizonunuliwa kwa pamoja na kuungwa kuwa vazi moja. Ila kanga huvaliwa kwa kufuata uzi, pindo likiwa sambamba na ardhi, na ndiyo maana huhitaji kufungwa au kukunjwa ili ishike. Mraba wa Vionnet umegeuzwa digrii 45 tu, na tabia ya kitambaa ikawa nyingine.

Unaweza kuliona hili mezani kwako kwa dakika ishirini. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyojaa, ufunge juu yake kijiti cha sentimita 12 kiwe mabega. Kata miraba minne ya sentimita 30 kwa 30 kutoka mtandio wa zamani wa shifoni au satini laini, ukifuata uzi kwa uaminifu. Kila ncha ya kijiti ibebe pembe mbili, moja ya mraba wa mbele na moja ya mraba wa nyuma. Sasa unganisha kingo kwa pini: mraba na mraba mbele, mraba na mraba nyuma, kisha ubavuni. Usianzie kwenye pembe. Anzia sentimita 6 chini yake. Nafasi iliyoachwa wazi mbele na nyuma inakuwa shingo ya V, na ya ubavuni inakuwa kwapa. Funga uzi kiunoni, utazame. Halafu rudia kwa miraba iliyokatwa ovyo, uzi ukiwa umepinda digrii kumi hivi. Gauni litaanza kujizungusha juu ya chupa. Hakuna maelezo yatakayokufundisha hanamu zaidi ya kuiona ikikosewa.

Kwa nini alihitaji kitambaa kipana

Vionnet alinunua krepi za hariri kutoka kwa watengenezaji wa hariri Bianchini-Férier, na akaagiza zifumwe pana kuliko kawaida. Hesabu yake ni rahisi, na ndiyo inayowakwamisha wengi dukani.

Kipande cha mstatili kikilazwa kwa digrii 45, nafasi kinachohitaji upande wa upana wa kitambaa ni urefu wake ukijumlishwa na upana wake, kisha ukazidisha kwa 0.71. Chukua upande wa mbele wa gauni la shimizi wenye urefu wa sentimita 130 na upana wa 50. Jumla ni 180, mara 0.71 ni karibu 128. Kwenye satini ya upana wa sentimita 150 unaingia. Kwenye kitenge chenye upana wa sentimita 115 hivi hauingii. Utalazimika kuunga kipande pembeni, au ukubali gauni fupi. Kwa upana huo wa kitenge, urefu na upana vikijumlishwa visizidi 162.

Urefu wa kununua nao una hesabu yake. Kipande cha pili kikilazwa sambamba na cha kwanza kinaongeza upana wake mara 1.41, yaani sentimita 71 hivi, na gauni lote linatoka kwenye mita 2. Lakini soma aya inayofuata kabla hujalipa.

Mtande na mshindio havilingani. Mtande hufumwa ukiwa umekazwa, mara nyingi una nyuzi nyingi zaidi, na unavutika kidogo kuliko mshindio. Ukikata kipande cha mbele na cha nyuma vyote vikiwa vimeelekea upande mmoja, mtande unalizunguka gauni kama kamba inayosokotwa, na mvaaji akitembea gauni linajizungusha mwilini. Mishono ya ubavu inahamia mbele. Hii ndiyo sababu ya gauni nyingi za satini za send-off kuonekana zimevuta upande, na fundi akalaumu nyonga za bibi harusi. Tiba ni kukata mbele na nyuma kama sura na taswira yake kwenye kioo: mtande wa mbele ukiteremkia kushoto kwa mvaaji, wa nyuma nao uteremkie kushoto. Tiba bora zaidi ni kugawa kila upande katikati na kuukabilisha, vipande vinne kwa jumla, ili hata kushoto na kulia vivutike sawa.

Krepi isiyo na mgongo, yaani ile ambayo nyuso zake mbili zinafanana, inarahisisha mambo, kwa sababu unaweza kukigeuza kipande cha pili chali, ukabaki na zile mita 2. Satini ina uso na mgongo, hivyo kipande cha pili lazima kilazwe kwa mshazari wa upande mwingine, na mahitaji yanapanda hadi karibu mita 2 na nusu. Mteja aambiwe mapema.

Kuhusu kitambaa chenyewe: krepi ilimfaa Vionnet kwa sababu nyuzi zake husokotwa kwa nguvu kabla ya kufumwa, na msokoto huo unazifanya zirudi zinapovutwa. Ina uzito, inaanguka, inarudi. Satini laini na shifoni zinafuata. Kitenge kipya chenye wanga kinakataa. Kikifuliwa mara mbili kinalegea, lakini maua yake nayo yatageuka mshazari, na kama ni kanga, jina litapanda ngazi kutoka nyonga hadi bega. Kitambaa cha kufumwa kwa vitanzi, kile cha fulana, hakihitaji hanamu kabisa kwa kuwa kinavutika chenyewe.

Panapoharibika

Kwanza, uzi haujanyooka. Kitambaa kutoka dukani mara nyingi kimepindishwa kwenye jora. Vuta uzi mmoja wa mshindio kutoka ukingo hadi ukingo, ukate kwa kufuata mfereji ulioachwa. Kisha kunja pembe ili ukingo wa kiwandani ulale juu ya mshindio huo. Mstari wa kunja ndio digrii 45. Upige alama ya chaki au uzi wa rangi. Usikisie kwa jicho, kwa sababu digrii tano zinatosha kulipotosha gauni refu.

Pili, kukata kitambaa kikiwa kimekunjwa mara mbili. Tabaka la chini huteleza, na kwa hanamu mtelezo wa nusu sentimita haufutiki kwa pasi. Kata tabaka moja, kitambaa chote kikiwa mezani. Kikining'inia ukingoni mwa meza, kinajivuta chenyewe wakati unakata, na kipande kitakuwa kidogo kuliko ruwaza, yaani kiolezo cha kukatia, mara kitakapopumzika. Kama meza ni fupi, tandika shuka sakafuni.

Tatu, nafasi ya mshono. Gauni la kawaida huachiwa sentimita 1 na nusu. Kwa hanamu acha 3 hadi 4, kwa sababu kitambaa kitasinyaa upana kitakapoanza kuning'inia, na hujui kwa kiasi gani mpaka kining'inie. Mafundi wanaopunguza nafasi hii ili kuokoa kitambaa ndio wanaorudishiwa gauni linalobana tumboni.

Nne, na hapa ndipo wengi wanapoharibu, ni mshono wenyewe. Kitambaa kinarefuka, uzi wa kushonea haurefuki. Ukishona kwa mkazo wa kawaida, gauni litakapovutwa na uzito wake mshono utalizuia, nao utakunjamana kama pindo la pazia lililovutwa kamba. Mwishowe uzi unakatika. Mashine yenye zigizagi iwekwe upana wa nusu milimita na urefu wa 2 na nusu. Kwa jicho haionekani kama zigizagi, lakini mshono unapata nafasi ya kurefuka. Cherehani ya kukanyaga isiyo na zigizagi nayo inaweza, ukilegeza mkazo wa uzi wa juu, ukafupisha mshono hadi 2, na kukivuta kitambaa kidogo kwa mikono miwili, mbele na nyuma ya sindano, kadiri kinavyopita. Vuta sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho. Sindano iwe mpya, namba 9 kwa shifoni, 11 kwa satini, na uzi wa polista ni bora kuliko wa pamba kwa kuwa una unyumbufu kidogo. Ovaloki iliyokazwa inaleta tatizo lilelile la mkunjamano, na kwa bahati nzuri huihitaji sana: ukingo wa hanamu hauchambuki nyuzi kama ukingo ulionyooka.

Tano, shingo na kwapa. Hizi hazitakiwi kurefuka, na zitarefuka kama hukuzishika mara tu baada ya kukata. Shona utepe mwembamba uliokatwa kwa kufuata uzi, au kipande cha ukingo wa kiwandani, kwenye mstari wa mshono wa bega na shingo ya nyuma, ukilinganisha urefu wake na ruwaza, si na kitambaa ambacho huenda kimeshavutika. Isipokuwa pale unapotaka mkunjo wa maji shingoni, ule unaoanguka kwa mawimbi kifuani, ambao Vionnet aliutumia sana. Huo uache huru kabisa.

Sita, pindo. Gauni likishaungwa, litundike kwenye mdoli wa kushonea, au kwenye hanga la mabega mapana kama mdoli haupo, kwa saa 24 hadi 48 kabla hujagusa pindo. Sehemu zilizo karibu na hanamu kamili zitashuka, zilizo karibu na uzi zitabaki juu, na pindo litakuwa na mabonde ya sentimita mbili, tatu, hata zaidi. Kisha mvalishe mwenyewe viatu atakavyovaa, upime kutoka sakafuni kwenda juu, kuzunguka gauni lote, na ukate hapo. Kukunja mara mbili kwa sentimita 3 kunaleta mawimbi magumu. Viringisha ukingo kwa vidole uwe mwembamba kama uzi mnene, ushone kwa mkono.

Bitana nayo. Bitana iliyokatwa kwa kufuata uzi na kuungwa na gauni la hanamu pindoni inalifunga kama mlango, na kazi yote inakuwa bure. Ama ikatwe hanamu vilevile, ama ibaki huru kutoka kiunoni kwenda chini, ama ivaliwe shimizi ya peke yake. Pasi ishushwe na kuinuliwa. Ukiisukuma, unakivuta kitambaa.

Urembo usiozuia kitambaa

Mtu akishaelewa hayo, urembo wa Vionnet nao unafunguka. Chochote kinachoshonwa juu ya kitambaa cha hanamu kinaweza kukizuia kuvutika, kwa hiyo kila pambo lilikuwa tatizo la ufundi kabla ya kuwa pambo. Alipotaka shada za nyuzi zinazoning'inia, hakushonea utepe wa shada uliotengenezwa tayari, kwa sababu utepe ungelifunga gauni. Kila uzi uliwekwa peke yake. Alipotaka kiuno kiingie zaidi, alipiga vikunjo vyembamba sana, mstari baada ya mstari, vikichora miale au maua, na vikunjo hivyohivyo ndivyo vilivyopunguza upana. Urembo ulikuwa ndio dati.

Gauni la farasi wadogo, la miaka ya mwanzo ya 1920, lina farasi waliochukuliwa kwenye vyungu vya Wagiriki wa kale, na kazi ya shanga ilitoka karakana iliyokuja kuwa ya mdarizi Albert Lesage. Shanga zilishonwa kwa kufuata mtande na mshindio, zikivuka mwili kwa mshazari, ili vile viraba viendelee kupinda chini yake. Anayetaka kutia shanga kwenye gauni la satini afanye vivyo hivyo: mstari wa shanga ufuate uzi, na uzi wa kushonea ukatwe na kufungwa kila baada ya sentimita chache, usipite mmoja mrefu.

Wezi wa mitindo walimsumbua sana, na alipambana nao kwa njia ambayo leo inatusaidia. Kila gauni lilipigwa picha mbele ya vioo vitatu, likaonekana mbele, ubavu na mgongo kwa pamoja, na picha zikawekwa kwenye albamu kama ushahidi. Lebo zake zilibeba sahihi na alama ya dole gumba lake. Mwaka 1952 alitoa magauni 122, vitambaa vya ruwaza 750 na albamu 75, na vyote sasa viko chini ya uangalizi wa jumba la makumbusho la sanaa za mapambo la Paris. Baadaye Betty Kirke, mhifadhi wa mavazi wa New York, aliyapima magauni yake kwa miaka mingi na kuchora vipande vyake kimoja kimoja. Issey Miyake aliyaona New York katika maonyesho ya mwaka 1973, na ni rahisi kuelewa kilichomgusa: mbunifu wa Japani aliyeanza na kipande cha kitambaa bapa alikutana na Mfaransa aliyefanya vivyo hivyo miaka hamsini kabla yake.

Ukikaa na picha moja ya gauni lake, tafuta kwanza mwanga unavyopita kwenye kitambaa. Satini hubadili mng'ao uzi unapobadili uelekeo, na mpaka wa mng'ao huo ni mshono. Ufuate hadi unapoishia. Angalia kama kuna mshono wa ubavu. Angalia pindo: ncha inaonyesha pembe ya mraba, wimbi la mviringo linaonyesha robo duara au kipande cha pembetatu kilichopachikwa. Kisha chukua karatasi, uchore vipande unavyodhani vimo, uweke mshale wa mtande kwenye kila kimoja, uvikate na kuvigandisha kwa gundi ya karatasi. Mara ya kwanza havitafungana. Mara nyingi kosa litakuwa kwamba umechora vipande vingi mno.

Na ukifanikiwa kushona lako, usilitundike kabatini. Kwa wiki chache litarefuka vidole viwili na pindo ulilolipima kwa uangalifu litaharibika. Makumbusho huyahifadhi magauni ya hanamu yakiwa yamelazwa bapa, na karatasi laini ndani ya mikunjo. Sanduku na kanga safi ya pamba vinatosha.